Dhamana ya Mzazi Anayekwenda Marekani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Pipeline)



Tumeombwa tuseme juu ya shauri lililomo katika nyumba nyingi hapa Pipeline. Mtoto yuko Marekani, amekwisha kuwa raia, naye amemwombea mama yake ruhusa ya kuhamia huko. Ombi limekubaliwa. Halafu mtoto anaachishwa kazi, na majirani wanamwambia mama kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha. Yamekuwa magumu, na twataka mjue ugumu uko wapi kabla hamjampa dalali hata senti moja.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1996. Anayemwita mzazi sharti atie sahihi fomu iitwayo I-864, na aonyeshe kuwa mapato yake hayapungui asilimia 125 ya kipimo cha umaskini cha serikali ya Marekani. Mtu asiye na mke wala watoto, akimwita mama yake, wanahesabiwa watu wawili. Mwaka 2025 kiasi chao kilikuwa dola 26,437 kwa mwaka. Asiye na kazi hutia sahihi vilevile, hata kama mapato yake ni sifuri, lakini lazima fedha ionekane kwingine.

Mali yaweza kuhesabiwa: akiba ya benki, nyumba, kiwanja, hata mali ya mama mwenyewe, ikiwa yaweza kugeuzwa fedha taslimu katika mwaka mmoja. Lakini kwa mzazi, mali hiyo, madeni yakiisha kutolewa, iwe mara 5 ya kiasi kilichopungua. Kwa kiasi cha mwaka 2025, asiye na mapato kabisa alitakiwa dola 132,185, yaani zaidi ya shilingi milioni 17. Sisi ni wapangaji wa vyumba vya ghorofa. Nani kati yetu anazo? Basi mtu asiwadanganye muuze kishamba cha nyumbani mkidhani kitatosha.

Njia inayobaki kwa wengi ni mdhamini wa pili. Si lazima awe ndugu wa damu. Awe raia au mkaaji wa kudumu, anakaa Marekani, ametimiza miaka 18, na mapato yake yatoshe watu wa nyumba yake pamoja na huyo mama. Wadhamini wawili hawawezi kuchanga nusu kwa nusu.

Ninyi mliodhaminiana mikopo ya sacco mwajua uchungu wa kukatwa mshahara kwa deni la mwenzio. Lakini deni la sacco lina mwisho. Dhamana hii humshika mtu mpaka mama awe raia, au ahesabiwe kazi ya robo-mwaka 40, yaani kama miaka 10, au aondoke Marekani moja kwa moja, au afe. Mama wa miaka 70 atafanya kazi wapi miaka 10? Na akipewa misaada ya maskini, serikali yaweza kumdai mdhamini. Kwa hiyo mtoto wenu akimwendea mfanya kazi mwenzake, amwambie haya yote kabla ya kalamu. Kumwambia “ni sahihi tu” ni kumwibia.

Dalali akileta hati za mshahara za uongo, mkataeni. Ikigunduliwa, mama aweza kufungiwa mlango maisha yake yote.

Tena, mtoto akipata kazi kabla mama hajaitwa kwenye ubalozi kule Gigiri, apeleke fomu mpya pamoja na barua ya mwajiri na hati zake za mshahara, kwa kuwa mapato ya sasa ndiyo yanayotazamwa kwanza.