Kaye ya Asubuhi kwa Watoto wa Mwaka wa Kwanza na wa Pili

Bwana inspekta, wakurugenzi wa shule, walimu wenzangu wa Lubudi,

Naomba dakika 15 za kwanza darasani, watoto wakishatoka kwenye bendera, ziwe za kazi moja: kila mtoto aandike jambo lake mwenyewe katika kaye, yaani daftari, yake. Kunakili ubaoni wanakujua tayari. Wapo wanaonakili mstari mzima kwa mwandiko safi na hawawezi kusoma hata neno moja la mstari huo.

Kaye yenyewe ni nyembamba. Ile ya kawaida ikikatwa katikati na kushonwa uzi inawatosha watoto wawili. Juu ya ukurasa wanachora, chini wanaandika. Mwezi wa Septemba mtoto wa mwaka wa kwanza anachora tu, kisha anamwambia mwalimu amechora nini, na mwalimu anayaandika maneno yale yale. Baadaye anaanza mwenyewe na silabi anazozijua. Hapa Kiswahili kinambeba: vokali ni tano, na neno linaandikwa jinsi linavyosikika. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 imetupa ruhusa ya kufundisha kwa lugha za taifa. Tuitumie.

Tuseme mtoto ameandika hivi: MAMAALIENDAKUSOKONABATOTO. Maneno yameshikana, na B moja imetazama nyuma. Wengi wetu tungechukua biki nyekundu. Mimi nasema tuiache. Mtoto huyu amesikia vizuri na ameandika Kiswahili tunachokisema sisi sote hapa. Mwalimu asome kwa sauti, afurahi naye, kisha aandike chini yake: “Mama alinunua nini sokoni?” Mtoto anaona maneno yametengana, anaona “sokoni”, na zaidi ya hayo anaona kwamba kuna mtu anayengoja jibu lake. Kesho atajibu. Neno “watoto” atakutana nalo katika kitabu cha kusoma.

Mtaniuliza juu ya wingi wa watoto. Ni kweli, tangu shule ya msingi iwe bure mwaka 2019 madarasa yamefurika. Basi mwalimu ajibu safu moja kwa siku. Ifikapo Ijumaa kila mtoto ameandikiwa mara moja.

Vibao vya chaki vinasaidia kujifunza herufi, lakini kwa kazi hii havifai, kwa sababu vinafutwa. Mzazi anapaswa kuona ukurasa wa Septemba na ule wa Machi pamoja.

Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji cha Bar-sur-Loup huko Ufaransa, miaka ya 1920 aliwaacha wanafunzi waandike maisha yao, akayachapa pamoja nao. Watoto wetu nao wana ya kuandika: treni inayotoka Tenke kwenda Kamina, kiwanda cha simenti, mto, bukari (ugali) iliyoungua.

Tena wataandika mengine. Baba aliyekwenda kuchimba na hajarudi, usiku uliopita bila chakula, ugomvi nyumbani. Ukurasa wa namna hiyo hausomwi mbele ya darasa, wala hauonyeshwi mwalimu mwingine kwa mazungumzo. Mwalimu anaifunga kaye, anamwita mtoto taratibu wakati wa mapumziko, na jambo likihitaji kumfikia mkurugenzi, analifikisha siku hiyo hiyo.