Pete zinazoshuka upande: juu ya fimbo zetu za kuvulia

(Maneno ya kikundi cha mafundi wa fimbo mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tueleze juu ya zile fimbo za kuvulia zinazochekesha watu kule ufukweni. Wamoja wanasema fundi alikuwa amelewa siku ya kufunga pete. Wengine wanauliza, na ulizo lao ni la haki, kama kasa ya chama inapashwa kulipia fimbo yenye pete zilizopotoka. Feza ni ya sisi wote. Basi tutaeleza kazi yenyewe, halafu tutasema tunachoomba.

Mulinee, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, iko ya aina mbili. Ya kwanza inaning'inia chini ya fimbo, na pete zake ziko chini vilevile. Hiyo haina matata, na sisi hatuibadilishi. Ya pili inakaa juu ya fimbo, mbele ya macho ya mvuvi. Iko na nguvu ya kuvuta, njo maana wanaotafuta sangala wanaipenda. Lakini kwa kawaida kiwanda kinafunga pete zake juu pia, mstari mmoja toka mulinee mpaka ncha. Hapo njo matata yanaanzia.

Fikirini upinde. Kamba yake iko upande gani? Iko ndani ya mkunjo, siku zote. Sasa samaki akivuta, fimbo inakuwa upinde na mshipi unakuwa kamba. Pete zikiwa juu, mshipi uko mgongoni mwa upinde, nao unatafuta kwenda ndani. Hauwezi kufika huko bila kuigeuza fimbo yote. Kwa hiyo fimbo inataka kujipindua mkononi mwako, pete ziangalie maji. Nani anaizuia? Ni kifundo cha mkono wako na kiwiko chako, kila dakika ambayo samaki yuko kwenye ndoano.

Asiyeamini afanye jaribio hapa hapa, fimbo tumeleta. Pitisha mshipi katika pete zote, mwenzako ashike mwisho wake na auvute chini polepole. Wewe usikunje vidole. Weka kiganja kimoja chini ya fimbo, kingine juu ya mwisho wa mpini, basi. Utaiona inageuka yenyewe mpaka pete zinafika chini, na hapo inatulia. Fimbo imekuonyesha mahali inapotaka pete zake zikae.

Dawa yake ni kuziweka pale pale tangu mwanzo. Huko Marekani wajenga fimbo wanaijua njia hii kwa jina la Roberts Wrap, na siyo jambo jipya. Mulinee inabaki juu. Pete ya kwanza inabaki juu. Zinazofuata zinashuka hatua kwa hatua kwa upande, na zote zilizobaki mpaka ncha zinakaa chini.

Kwa wanaojifunza, tunatumia saa ya ukutani. Hesabu ni ile ya Kiswahili, tuliyoizoea Tanzania. Shika mpini, angalia fimbo kwa nyuma kama unavyoangalia saa. Pete ya kwanza iko saa sita, mshale juu kabisa. Ya pili iko saa nane. Ya tatu iko saa kumi. Ya nne iko saa kumi na mbili, mshale chini kabisa, na zingine zote zinaifuata hiyo. Hapo tumeshuka kwa mkono wa kuume. Ukipenda kushuka kwa kushoto, hakuna neno, mzigo utabebwa sawasawa.

Sasa kazi ya mikono.

Kwanza, kagua pete za zamani. Pitisha kipande cha soksi nyepesi ya nailoni ndani ya kila pete na ukizungushe. Kikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi siku ile samaki mkubwa amekuja. Pete hiyo usiirudishe. Wala usidanganyike kutengeneza pete kwa waya laini: mshipi wa kusuka unachimba mfereji ndani yake, na mfereji nao unakula mshipi.

Pili, pasha moto kidogo kofia ya pete ya ncha mpaka gundi ilegee, uigeuze iangalie chini. Moto uwe mdogo na wa mbali, maana fimbo ikiungua hakuna dawa. Gundi isipolegea, acha kulazimisha, ulete kwetu.

Tatu, shikiza pete kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, vilivyokatwa vyembamba. Usifunge uzi bado. Pitisha mshipi, funga mzigo mdogo, fimbo ipinde, halafu tembea kando yake ukiangalia. Mahali mshipi unagusa fimbo, sogeza pete. Mahali unapiga kona kali, sogeza pete. Kazi hii inaweza kula nusu saa nzima, na njo moyo wa kazi yote.

Nne, piga tupa miguu ya pete mpaka iwe myembamba mbele, ili uzi upande juu yake bila kuacha shimo. Anza kuzungusha uzi kwenye fimbo, panda juu ya mguu, kila mzunguko ukigusana na mwenzake. Tumia uzi wa nailoni usio na manyoya. Mwisho wa uzi unavutwa chini ya mizunguko kwa kitanzi, hakuna fundo.

Tano, paka gundi ya sehemu mbili, nyembamba, na uigeuze fimbo polepole mpaka gundi ishike. Ukiiacha imelala tu, gundi yote itashuka upande mmoja kama tone.

Kuna maulizo mawili tunayapata kila siku. La kwanza: mshipi hautasugua fimbo pale unapozunguka? Pete zikiwa na kimo cha kutosha na zikishuka kwa hatua, hausugui, na jaribio la mzigo litakuonyesha mapema. La pili: fimbo inapata nguvu zaidi? Hapana. Fimbo dhaifu inabaki dhaifu. Kinachopungua ni kazi ya mkono wako. Tena kuna faida ndogo ya feza: pete zikiwa juu, zinapashwa kuwa nyingi ili mshipi usiguse fimbo inapokunjika. Zikiwa chini, mshipi unajitenga na fimbo wenyewe, kwa hiyo mara nyingi pete chache zinatosha.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili ni la chama.

Wengi wetu tulipanda meli Kigoma tukashuka Baraka, kuanzia mwaka 2005 na miaka iliyofuata. Tulirudi kwenye ziwa letu, lakini mikono haikurudi vile ilivyoondoka. Wazee waliovua sangala kabla ya vita wamerudi na viwiko vinavyouma. Wawili kati yao walikuwa wameacha fimbo kabisa, kwa sababu hawawezi kupigana na samaki na fimbo kwa wakati mmoja. Tuliwafungia pete kwa njia hii, na leo wako kwenye mtumbwi asubuhi. Hawakupata mikono mipya. Waliondolewa kazi moja kati ya mbili.

Halafu vijana. Wamekulia Nyarugusu na Lugufu, mbali na maji. Mtumbwi hawakuujua. Lakini kule kambini walijifunza kushona na kutengeneza baiskeli. Angalieni kazi tuliyoieleza: uzi unaolala bila kupandana, mpira wa tairi, tupa, macho ya kuona kama kitu kimenyooka. Hiyo yote wanayo tayari. Kwa mtumbwi ni wanafunzi wa wazee, kwa meza ya kazi wazee ni wanafunzi wao. Tulipowaketisha pamoja hatukusikia tena lile neno la eti vijana wa kambi hawafai kitu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kasa isinunue fimbo mpya mwaka huu: kwa hesabu tuliyoleta kwa mama mtunza kasa, bei ya fimbo mpya moja inatosha pete, uzi na gundi vya fimbo kadhaa za zamani, nazo ziko zinalala chini ya vitanda vyetu. Pili, kila mzee anayeletewa fimbo akubali kijana mmoja katika mtumbwi wake, siku mbili kwa juma. Tatu, fimbo yoyote isitoke kwetu bila kupimwa kwa mzigo mbele ya mwenyewe, na asiporidhika tuifungue tufunge upya bila malipo.

Wanaocheka, tunawakaribisha wacheke wakiwa wameishika. Fimbo tatu ziko pale mlangoni: moja ya kiwanda, mbili zetu. Mfunge mzigo ule ule, mshike kwa zamu, mzee na kijana, mama na baba. Halafu mkutano upige kura.

Tunangoja maulizo yenu.