Tuchangie Kabla ya Msiba
(Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka)



Sisi wa kamati ya fedha mmezoea kutusikia tukisoma mapato na matumizi. Taarifa hiyo ipo kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Leo tunaomba tuwaeleze habari za binti mmoja wa Makole, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu, ambaye chama chetu kinamsaidia ada. Ameomba tusimtaje jina.

Mwaka huu alipangiwa wiki sita za mafunzo kwa vitendo katika idara ya dharura ya hospitali moja. Siku ya kwanza aliletwa kijana wa bodaboda, kalazwa kwenye bajaji, mguu umefungwa kitenge kilicholowa damu. Binti yetu anasema miguu ilimwishia nguvu. Muuguzi wa zamu alimpa glovu na gauzi, akamwambia, "Kandamiza hapa, usiachie mpaka nikwambie." Alikandamiza mpaka mikono ikafa ganzi. Kijana yule yu hai.

Katika idara hiyo wagonjwa hawahudumiwi kwa kuwahi foleni. Hupangwa kwa uzito wa hali zao: nyekundu ni mara moja, njano asubiri kidogo akiangaliwa, kijani anaweza kukaa. Usiku mmoja aliletwa mzee kutoka kijijini. Kila alipoulizwa alitikisa kichwa tu, akawekwa njano. Binti yetu akapita, akamsalimu, "Mbukwa." Mzee akafungua macho, akamweleza kwa Kigogo kwamba kifua kinambana tangu alfajiri na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Binti alikimbia kumwita daktari. Mzee akahamishiwa nyekundu, akapimwa moyo na kuanzishiwa dawa usiku uleule.

Ndugu zetu, huduma hii bado ni changa nchini. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Baadaye, sehemu ya zile shilingi trilioni 1.3 za mapambano dhidi ya UVIKO-19, ambazo mpango wake ulizinduliwa Dodoma Oktoba 2021, ilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi. Mji wetu nao umekua: sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika Dodoma Mjini, na ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Majengo yameongezeka na pikipiki zimeongezeka. Wanaohitajika sasa ni watu wa kusimama kando ya kitanda.

Sasa turudi kwenye daftari. Katikati ya zile wiki sita, binti huyu alipewa siku kumi kumaliza salio la ada, la sivyo aache mafunzo. Mfuko wa elimu haukutosha. Tukatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Siku tatu zikapita, wamejibu wanne. Wiki hiyohiyo tukapata msiba, na kabla ya jua kuzama mchango ukavuka lengo. Hatumlaumu mtu. Kuzikana ni utu, na sisi wa kamati pia tulichangia msiba kwanza. Ada ilikamilika siku ya tisa, baada ya wanachama watatu kuingia mifukoni tena.

Ombi letu ni moja. Kiasi unachotoa kwenye msiba mmoja, kitoe mara moja kwa mwaka kwenye mfuko wa elimu ya afya. Ada tutalipa moja kwa moja chuoni kwa kumbukumbu namba ya malipo, na risiti tutazibandika mbele yenu. Wanafunzi wawili wanasubiri: mmoja wa uuguzi, mmoja wa utabibu.

Tulimuuliza binti yetu kama akihitimu angependa kurudi idara ile, pamoja na usingizi aliokosa. Alijibu, "Nitarudi. Wako wazee wengine wasiojua waseme vipi."