Kuipima Shahada ya Saikolojia

Somo letu la leo ni saikolojia, yaani elimu ya akili na mwenendo wa mtu.

Wenzetu wa Kariakoo mwaujua Mtaa wa Lumumba. Hapo ndipo kilipoanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1961, kabla ya kuhamia Mlimani. Siku hizi mtu aweza kusoma huko shahada ya elimu katika saikolojia.

Mwanao akiitaka, usikatae wala usikubali upesi. Uliza kwanza. Je, Tume ya Vyuo Vikuu imeyakubali masomo hayo? Je, yanamwandaa mwalimu, au mshauri? Je, wanafunzi hupelekwa mahali pa kazi kujizoeza? Na waliomaliza, wanafanya kazi gani?

Tena jueni: shahada ya kwanza peke yake haimfanyi mtu daktari wa wagonjwa wa akili. Asiyejua hayo huweza kuuza shamba akimtazamia daktari, akapata mwalimu. Ualimu ni kazi ya heshima, lakini yafaa kujua mapema.

Kuandika sasa mwajua. Basi yaandikeni maswali hayo 4 daftarini, mkayaulize chuoni. Kwaherini.