Kabati Kuukuu Lisaidie Nyumba



Hapa Tandale, kwa wengi wetu chumba kimoja ndicho sebule na ghala. Mto Ng'ombe ukifurika, nguo na madaftari yaliyo sakafuni huloa. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini yalitufunza.

Tusikimbilie kabati jipya la chipbodi. Likilowa huvimba na kumeguka. Tafuteni kuukuu la mninga. Kazeni viungo kwa gundi, zibeni nyufa, pigeni msasa mkali kisha laini, pakeni vanishi mara mbili, hata chini ya miguu.

Tahadhari: rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ilowesheni kabla ya kuisugua, na watoto wakae mbali.

Mwisho, liinueni kabati juu ya matofali.