Kasoro, Uharibifu na Ughushi: Namna ya Kuzisoma Sarafu za Tabora za Mwaka 1916

Mwaka 1916 mji wa Tabora ulikuwa ukifua pesa zake wenyewe. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, shehena za sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena, na serikali ya Kijerumani ya Gavana Heinrich Schnee, iliyokwisha kuhamia bara, ilikuwa na askari, wapagazi na wafanyabiashara wa kulipa. Karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha fedha. Maganda ya mizinga na mabaki mengine ya shaba yakayeyushwa, yakatandazwa, yakakatwa vipande vya duara, yakapigwa chapa. Zikatoka sarafu za heller 5 na heller 20, kisha dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya milima. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini.

Sarafu hizo ni mtihani mgumu kwa mkusanyaji yeyote. Zile zilizofuliwa Berlin ni safi kiasi kwamba kasoro ndogo huonekana mara moja. Za Tabora zilitengenezwa kwa haraka, na watu waliokuwa wakijifunza kazi huku vita vikiwakaribia, hivyo kasoro ndiyo hali yake ya kawaida. Hapo ndipo mghushi anapojificha. Anajua mnunuzi akiona herufi zilizofifia atajiambia, “Basi ni ya Tabora, zote ziko hivyo.” Mada hii inashikilia kwamba swali la thamani lisitangulie. La kwanza ni hili: alama hii iliingiaje kwenye chuma? Asiyeweza kulijibu hajafika mahali pa kutaja bei.

Jibu huanzia kwenye ufuaji. Sarafu huhitaji kipande tupu cha madini, mihuri miwili ya chuma kigumu iliyochongwa picha kinyumenyume, na pigo moja zito. Kasoro halisi huzaliwa katika mojawapo ya hatua hizo, kabla sarafu haijatoka kiwandani. Yanayoipata baadaye, kama kukanyagwa, kutobolewa ili ivaliwe shingoni au kuunguzwa, ni uharibifu, hata yakiifanya ionekane ya ajabu kiasi gani.

Kuna kanuni moja inayofaa kuliko vifaa vingi. Kilichochimbika kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Muhuri ukipata ufa, sarafu itakuwa na mstari mwembamba ulioinuka. Muhuri ukikwaruzwa, mkwaruzo huo nao utainuka. Mkwaruzo wa msumari, kisu au mchanga hauinuki, unazama. Kwa lenzi ya kukuza mara kumi na taa iliyowekwa ubavuni, tofauti hiyo huonekana mara moja.

Marekani imeacha mifano mizuri. Mwaka 1937, katika kiwanda cha Denver, muhuri wa senti 5 yenye picha ya nyati ulisuguliwa kupita kiasi ili kuondoa alama mbaya, na mguu mmoja wa mbele wa mnyama ukafutika. Sarafu ya “nyati wa miguu mitatu” ikawa kipenzi cha wakusanyaji, na walaghai wakaanza kuikwangua miguu ya sarafu za kawaida. Wanaumbuka kwa kuwa muhuri wa kweli uliacha mstari wa vitone vilivyoinuka chini ya tumbo la nyati. Tupa inaweza kuondoa mguu, lakini haiwezi kuotesha vitone.

Senti moja ya mwaka 1943 ni kisa kingine. Shaba ilihitajika vitani, kwa hiyo senti za mwaka huo zilifuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Vipande vichache vya shaba ya zamani vilisalia mashineni na vikapigwa chapa pamoja navyo. Moja ya senti hizo ilimfikia mwanafunzi wa miaka 16 huko Massachusetts mwaka 1947, ndani ya chenji ya chakula cha shule, na Januari 2019 ikauzwa mnadani kwa dola 204,000. Bei kama hiyo huwaamsha walaghai: wapo wanaopaka shaba senti za chuma, na wapo wanaokwangua tarakimu ya mwisho ya 1948 mpaka ifanane na 3. Sumaku humkamata wa kwanza, na mizani pia, kwa kuwa senti ya chuma ina gramu 2.70 na ya shaba gramu 3.11. Wa pili huponyoka vyote viwili, kwa sababu senti ya 1948 ni shaba kweli. Huyo hunaswa na lenzi, kwenye umbo la tarakimu.

Tukirudi Tabora, heller 20 ndiyo darasa bora, kwa kuwa zilifuliwa nyingi na bado zinapatikana. Mihuri yake haikufanana. Ipo yenye taji kubwa na yenye taji dogo. Kwa upande wa pili, herufi L za neno HELLER zina ncha kali katika mihuri fulani na ncha iliyojikunja katika mingine. Tofauti hizo si kasoro, ni aina, na kila aina ina nafasi yake katika mkusanyo. Kasoro ni pigo lililokosa katikati, sura iliyopigwa mara mbili, ufa wa muhuri uliovuka taji, au kipande kilichokatwa pembeni mwa bamba kikatoka na pengo. Mizani hapa haitoshi, maana unene wa vipande ulitofautiana sana. Mkusanyaji anayetupa heller 20 ya Tabora kwa kuwa ni nyepesi kuliko ya jirani yake huenda ametupa sarafu halali kabisa.

Kwa rupia 15 hali ni kinyume. Dhahabu haikukatwa ovyo. Sarafu hiyo ina gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Zilifuliwa 16,198 tu, kwa aina mbili zinazotofautishwa na pambo lililo chini ya maandishi: mwisho wa pambo la kulia huangukia chini ya herufi T ya OSTAFRIKA, au chini ya A ya kwanza. Uchache huo na uzuri wa tembo wake vimeifanya ighushiwe sana. Ghushi nyingi ni za kusubu. Sarafu halisi hubanwa kwenye kalibu ya udongo au mpira, kisha madini humiminwa. Mmiminiko huacha vishimo vidogo vya hewa, kingo za herufi huwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine ubavuni hubaki mshono uliopigwa tupa. Zaidi ya hayo, kalibu hunakili hata majeraha. Sarafu mbili zenye mkwaruzo uleule, mahali palepale, si ndugu waliopata ajali moja; zimetoka kalibu moja.

Nyingi za dhahabu hizo pia zilipelekwa kwa sonara zikawa vidani na vifungo. Mnunuzi auchunguze ukingo upande wa juu, panapokaa kikuku cha mkufu: rangi tofauti au herufi zilizoyeyuka hueleza kwamba palilehemiwa kisha pakasafishwa. Sarafu hiyo si bandia, ila thamani yake imeshuka, na muuzaji mwaminifu atasema hivyo kabla hajaulizwa.

Lipo jambo linalouma zaidi. Nchini Tanzania uvumi wa “rupia ya Mjerumani” yenye thamani ya mamilioni umewaingiza watu wengi katika mikono ya matapeli. Rupia ya fedha ya enzi hizo, yenye sura ya Kaisari Wilhelm II, ina gramu 11.66, ambazo zaidi ya asilimia 91 ni fedha safi. Ni sarafu nzuri ya kihistoria, lakini haina zebaki ndani wala nguvu ya kuvuta mali. Anayeambiwa atoe pesa za “kuifungua” au za kumlipa mnunuzi wa nje anaibiwa. Mizani ya sonara na sumaku vingewaokoa wengi, mradi ikumbukwe kwamba kutonaswa na sumaku hakuthibitishi kitu: risasi na shaba nazo hazinaswi.

Tabia nyingine ya kuachwa ni kusugua sarafu kwa majivu, ndimu au mchanga ili ing'ae. Usuguaji hufuta mistari myembamba iliyoinuka, ambayo ndiyo ushahidi wa muhuri, na kuweka mikwaruzo mipya inayozama. Baada ya hapo hata mtaalamu hukosa pa kushika. Maji safi na kitambaa laini cha kukaushia bila kusugua vinatosha.

Pendekezo la mada hii kwa washiriki ni kuanza na kilicho majumbani. Kila anayemiliki sarafu ya Tabora aipime, apige picha pande zote mbili na ubavuni, aandike aina ya taji na ya herufi L, kisha aandike ilikotoka: shambani, kwa bibi, sokoni au msingi wa nyumba ulipochimbwa. Katalogi za Ulaya zimekwisha kuorodhesha mihuri. Habari za mikono iliyozitunza sarafu hizo zinajulikana na wazee wa Tabora, Urambo na Nzega, na ni wao wa kuulizwa sasa wakiwa bado wapo.