Popo wa Pemba na Vikundi Vinavyomhifadhi



Miongoni mwa viumbe ambao Mwenyezi Mungu amekijaalia kisiwa cha Pemba peke yake, yumo popo mkubwa, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban mita moja na nusu. Wataalamu humwita kwa jina la Voeltzkow, mtafiti wa Kijerumani aliyefika kisiwani mwaka 1903. Popo huyu hapatikani Unguja wala bara. Akitoweka Pemba, ametoweka duniani.

Hatari hiyo ilikaribia mno. Hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilionesha popo baina ya 2,400 na 3,600 tu, na mwaka 1996 aliingizwa katika daraja la viumbe walio ukingoni mwa kutoweka. Sababu hazikufichika. Misitu ya asili ilikwisha katwa kwa ajili ya mashamba, ikabaki Ngezi, Msitu Mkuu na vipande vya hapa na pale. Nayo bunduki ya marisau iliua kwa siku moja wengi kuliko nyavu na urimbo wa zamani. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hivyo pengo halizibiki upesi.

Katikati ya miaka hiyo idara inayosimamia misitu, ikisaidiwa na shirika la Fauna & Flora International la Uingereza, ilishirikiana na wanavijiji kuunda vikundi vya hifadhi. Kazi yao si ya makeke: kuhesabu popo watokapo magharibi, kuwazuia wawindaji, kuzungumza na watoto maskulini, na kupatana na wenye ardhi ili miti wanayolala popo isikatwe. Huko Kidike, baina ya Chake Chake na Wete, wageni hulipa kiingilio kuwatazama, na fedha hizo hukisaidia kijiji. Hesabu ya mwaka 2007 na 2008 ilipata popo 18,200 hadi 22,100, na daraja lao la hatari likateremshwa.

Inapendeza pia kwamba baadhi ya makundi yamesalimika juu ya makaburi ya zamani, ambako shoka la mkata kuni huona haya.

Malalamiko ya wenye miembe yasidharauliwe. Popo hula embe na shelisheli, na mwenye mti mmoja tu uani ana haki ya kunung'unika. Lakini popo huyo huyo ndiye anayetawanya mbegu za mikuyu na kuchavusha maua usiku, kazi isiyolipiwa mshahara na yeyote.

Kwa hiyo wananchi wanaombwa yafuatayo. Anayekusudia kukata mti wenye popo, hata shambani mwake, aonane kwanza na sheha au ofisi ya misitu. Popo aliyeanguka asiokotwe kwa mikono mitupu, kwani huuma. Wageni wasipige makelele wala kurusha mawe ili popo waruke: jike huruka na mwanawe amemng'ang'ania kifuani, na mtoto huyo huweza kuanguka.